Kochi la dola 900 halikupunguzii kodi dola 900

Wengi wetu tunaoishi Marekani tunaamini hivi: ukipeleka kochi ulilonunua dola 900 kwenye shirika la hisani kama Goodwill, unaandika dola 900 kwenye fomu ya kodi. Sivyo. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inataka bei ya soko ya siku ulipolitoa, yaani kile ambacho mnunuzi angekubali kulipia kitu kilichotumika. Kwa lugha yetu, bei ya mtumba.

Kochi lenyewe lina miaka sita, mto mmoja umebonyea, na watoto walishalimwagia juisi. Pita kwenye maduka ya vitu vilivyotumika uone makochi ya hali hiyo yanauzwaje. Ukikuta dola 80, basi thamani yake ni hiyo. Likiwa limechanika, kwa kawaida huandiki hata senti, maana nguo na vyombo vya nyumbani lazima viwe katika hali nzuri.

Anayepokea hana kazi ya kukupangia bei. Hesabu ni yako, kwa hiyo piga picha kabla ya kupakia. Jumla ya vitu ikizidi dola 500, unajaza pia Fomu 8283.

Halafu hizo 80 hazitoki kwenye kodi, zinatoka kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kwa aliye kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12, nafuu haizidi dola 9.60. Tena hizo anazipata anayeorodhesha makato yake moja moja; anayechukua makato ya jumla, yaani kiasi kimoja kilichopangwa na serikali, kama wafanyavyo walio wengi, kochi halimpunguzii chochote.