Kati ya "ningenunua" na "nilinunua"

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuzungumza na wateja wa bidhaa ambazo bado hazijatengenezwa. Anayeniajiri huwa na wazo, aghalabu huwa na fedha kidogo, na karibu kila mara huwa na haraka. Anachotaka kutoka kwangu ni jibu moja tu, kwamba watu wataipenda bidhaa yake au hawataipenda. Jibu hilo haliwezi kupatikana kwa kuwauliza watu swali hilohilo, na sababu yake naiona kila siku katika vitenzi wanavyovitumia kunijibu.

Ninaporejea kwenye daftari baada ya mahojiano, sentensi zenye -nge-, kama "ningenunua" au "ningeitumia kila siku", ninaziweka kando. Zenye hu-, kama "mimi huandika matumizi yangu yote", ninazitilia alama ya kuuliza. Zenye -li- ndizo ninazozinakili upya kwenye karatasi nyingine, kwa sababu ndizo pekee zinazoeleza jambo lililotokea. Sentensi ya -nge- inazungumzia ulimwengu ambamo bidhaa haina bei, haimchukui mtu muda kujifunza, wala haishindani na mahitaji mengine ya mwisho wa mwezi; tena inasemwa mbele ya mgeni mwenye adabu ambaye kwa dhahiri anatamani kusikia "ndiyo". Kumpa "ndiyo" hiyo ni ukarimu usiogharimu kitu. Sentensi ya hu- ni ngumu zaidi kuigundua, kwani msemaji hadanganyi: anamweleza mtu anayeamini kuwa ndiye yeye, na mtu huyo kwa kawaida ni mwangalifu na mwenye mpango kuliko yule aliyeamka asubuhi ya leo. Ndiyo maana kila ninapoisikia hu- huuliza, "Mara ya mwisho ilikuwa lini?" Mara nyingi kinachofuata ni kicheko kidogo, kisha ukweli.

Na ukweli ukianza kutoka, vitenzi hubadilika vyenyewe. Msimuliaji huanza na -li- moja, kisha zinafuatana -ka- kama shanga: nilitafuta, nikakosa, nikamtuma mtu, akarudi na kitu kisichofaa, nikakitumia hivyohivyo. Hapo mimi hunyamaza kabisa, maana swali lolote nitakaloliingiza litaukata uzi.

Lililonifunza zaidi ni la kampuni changa iliyotaka kuwatengenezea mafundi cherehani programu ya simu ya kuhifadhi vipimo vya wateja wao. Wenye kampuni walikuwa wamekwisha kugawa dodoso, na waliniletea matokeo wakiwa na furaha kubwa: karibu kila fundi alikuwa amejibu kwamba angeitumia. Nilikwenda kwa baadhi ya mafundi haohao nikiwa na swali jingine, yaani ni lini walipoteza vipimo vya mteja kwa mara ya mwisho, na walifanya nini. Wengi walijaribu kukumbuka wakashindwa. Mmoja aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono, kwamba vipimo vya zamani havimsaidii kitu kwa kuwa watu hunenepa na kukonda, hivyo kila anayekuja hupimwa upya. Ilikuwa ni sentensi ya hu-, lakini utepe ulikuwa shingoni mwake na alikuwa ameutumia muda mfupi uliopita mbele yangu.

Nyuma yake zilikuwa zimetundikwa nguo nyingi zilizokwisha kushonwa na kupigwa pasi. Nilipouliza ni za nani, ndipo -ka- zilipoanza kumiminika: mwenye hii aliahidi kuja Ijumaa, nikampigia, akasema yuko safarini, nikangoja, nikakopa ili ninunue uzi na vifungo vya kazi nyingine. Fundi huyu alikuwa na daftari la pili lenye majina na namba za watu waliochelewa kuchukua nguo zao. Mwenzake alikuwa akimlipa kijana wa kuwafuata nyumbani. Wa tatu alikuwa ameanza kukataa kukata kitambaa kabla ya kupokea nusu ya malipo, na kwa ajili hiyo alikuwa amepoteza wateja. Hizi zilikuwa fedha, saa na nguvu ambazo tayari zilitumika kupambana na tatizo kabla ya mtu yeyote kuja kuuza dawa yake, na kwangu mimi hakuna ushahidi wa haja ya mteja unaozidi huo. Mtu asiyewahi kufanya chochote kuhusu kero yake, hata jambo dogo la ovyo, huenda hakereki kiasi anachosema.

Wapo wanaodhani kwamba udhaifu wa maswali ya -nge- unaponywa kwa kuwauliza watu wengi zaidi. Coca-Cola ilipobadilisha ladha ya kinywaji chake tarehe 23 Aprili 1985, ilikuwa imekwisha kuwaonjesha watu karibu 200,000, na walio wengi waliipendelea ladha mpya. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa makubwa kiasi kwamba kinywaji cha zamani kilitangazwa kurudi baada ya siku 79. Walioonja hawakudanganya, waliulizwa kuhusu ladha ya mafunda machache, ilhali uamuzi uliokuwa mezani ulihusu kuondolewa kwa kitu walichokizoea tangu utotoni. Wingi wa majibu uliongeza uhakika wa jibu la swali lisilo lenyewe.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni kwamba bidhaa mpya kabisa haina jana ya kusimuliwa. Wanaolitoa hupenda kunukuu kauli ambayo Henry Ford, mtengenezaji wa magari, husingiziwa, kwamba angewauliza watu wanataka nini wangesema farasi wenye kasi zaidi, ingawa hakuna ushahidi kwamba aliitamka. Hata tukiikubali, mwenye farasi alikuwa na mengi ya kusimulia kuhusu lishe, zizi na safari zilizoishia njiani. Hata hivyo pingamizi lina ukweli wake, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na vilevile hujui raha yake. Karatasi ndogo za kunata za kampuni ya 3M zinaonyesha jambo hili vizuri. Gundi yake dhaifu iligunduliwa na Spencer Silver mwaka 1968, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya mwenzake Art Fry kuifikiria kama alamisho isiyoanguka kitabuni. Mwaka 1977 kampuni iliziuza kwa majaribio katika miji minne ya Marekani, na matokeo yakawa hafifu, kwa sababu wanunuzi hawakuelewa ni za kazi gani. Mwaka uliofuata waligawa sampuli za bure katika mji wa Boise, wakawaacha watu wazitumie maofisini mwao, na zaidi ya asilimia 90 ya waliozijaribu walisema watanunua. Mwaka 1980 zilianza kuuzwa nchini kote. Pale ambapo -li- haipo, basi, mtafiti hana budi kuiunda kwa kumpa mteja kitu cha kutumia, hata kiwe duni, kisha arudi baada ya siku kadhaa kusikiliza.

Kitu hicho duni si lazima kiwe bidhaa. Nick Swinmurn, mwanzilishi wa Zappos, duka la viatu la mtandaoni, alianza mwaka 1999 kwa kupiga picha viatu vya madukani na kuziweka kwenye intaneti; mtu akiagiza, yeye alikwenda kununua jozi hiyo na kumpelekea. Hakuwa na ghala, lakini alikuwa na watu waliolipa.

Kuhusu idadi ya watu wa kuzungumza nao, mimi huacha pale ninapoanza kuutabiri mwisho wa kila simulizi, na kwa kundi la watu wanaofanya kazi moja hilo hutokea mapema kuliko waajiri wangu wanavyotarajia.

Kwa wale mafundi, niliishauri kampuni isiandike programu yoyote kwanza. Tuliwaomba arubuni ndogo kwa huduma ya kuwakumbusha wateja wao kuchukua nguo, na kuahidi kuirudisha kama hawataridhika. Baadhi ya waliokuwa wameandika "ningeitumia" kwenye dodoso waligundua ghafla kwamba wana shughuli nyingi. Watano walilipa. Kwa wiki tatu programu hiyo nilikuwa mimi mwenyewe, nikiketi kila jioni na daftari lao na simu yangu, nikiandika ujumbe mmoja baada ya mwingine.