Mwarobaini na minyoo ya ng'ombe, nshachoka mie

Leo nimeletewa tena ile voisi ya WhatsApp: mwarobaini unaua minyoo yote ya ng'ombe na "maabara washathibitisha". Haya, tuzungumze hicho walichothibitisha.

Maabara walichokiona ni kuwa mayai ya minyoo ukiyatia kwenye kisahani chenye maji makali ya mwarobaini, mengi hayaangui. Kweli, sibishi. Ila jamani kisahani hakina tumbo! Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa peke yake linabeba lita mia na zaidi, limejaa vijidudu ambavyo kazi yao ni kuvunjavunja majani, wewe unamnywesha chupa moja ya soda, dawa inazimuliwa, vijidudu navyo vinaila, ikifika tumbo la nne aliko mnyoo Haemonchus ananyonya damu imebaki nini?

"Lakini daktari, minyoo nliiona ikitoka." Uliiona ipi? Vile vipande vyeupe kama punje za wali ni vya tegu, vinatoka hata ukimpa maji ya kisima, na tegu kwa ng'ombe si kesi kubwa. Ile ya ini, wanayoipata ng'ombe wetu wa Pemba wanaofungwa pembezoni mwa mabonde ya mpunga kwenye konokono wa majini, inakaa kwenye mirija ya nyongo, utaiona siku ya kuchinja.

Sisemi miti haina kitu. Utomvu wa papai una vimeng'enya vinavyokula ngozi ya mnyoo, imeonekana kwa panya na kwa kondoo. Majani yenye tanini, ile kitu chungu inayokausha mdomo, yanapunguza mayai ya minyoo kwa mbuzi na kondoo. Tatizo ni kipimo, mwarobaini wa kwako na wa jirani nguvu zake si moja, na wa kiangazi si wa masika.

Na hata mie ninayehesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa hadubini nina wasiwasi. Ng'ombe mkubwa anajijengea kinga, mayai yanashuka yenyewe, kwa hiyo hesabu ikishuka siwezi kuapa kuwa ni dawa. Mayai ya minyoo mingine tunayaelesha kwenye maji ya chumvi ndio tuyaone, ila ya mnyoo wa ini hayaelei, ukisahau kuyatuamisha yazame chini utasema ng'ombe mzima. Na wenzangu wa albendazole, ile dawa ya minyoo ya dukani, tusijitape, kipimo chake cha minyoo ya tumbo ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, sie tunakisia uzito kwa macho, ng'ombe wa kilo 250 anapewa ya 150, halafu minyoo ikiwa haifi tena kwa dawa tunashangaa usugu umetoka wapi.

Unataka kujaribu mwarobaini? Jaribu, ila wanyweshe nusu tu ya ng'ombe, nusu waache. Chukua kinyesi kwa mkono mkunduni, si kile cha chini, siku ya kunywesha na tena baada ya siku 14, kwa wote, ulete tuhesabu. Ila ng'ombe kavimba chini ya taya na ufizi umekuwa mweupe, huyo si wa kujaribia majani, ita daktari siku hiyohiyo.