Tangi la Tope la Majitaka Huliwa Kuanzia Juu

Malalamiko yanayofika mezani kwetu hapa Uganda siku hizi yanafanana kama watoto wa mama mmoja. Hoteli, shule ya bweni au kiwanda kimejenga mtambo wake wa kusafisha majitaka, tangi la kuhifadhia tope halijamaliza hata miaka mitatu, na tayari linavuja. Barua huishia na ombi lile lile: tuwatajie rangi nzuri ya kupaka. Tunajua wengi wenu mna nia njema na mmetumia fedha nyingi, lakini rangi ya dukani haitibu ugonjwa huu.

Nikiitwa kukagua tangi, napanda ngazi kwanza. Wenyeji hushangaa, kwa sababu wao wameshainama kutazama kitako. Tope lenyewe, lile zito lililotulia chini, si adui mkubwa hivyo. Ukuta ulioharibika utaukuta juu ya mstari wa tope, na upande wa ndani wa paa, mahali ambapo hakuna tope kabisa.

Tope likikaa bila hewa, bakteria waliomo hutumia salfeti na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Joto letu haliwapi bakteria hao likizo hata mwezi mmoja kwa mwaka, na tope linalonyonywa vyooni hufika mtamboni limeshaoza siku nyingi. Gesi hupanda, hukutana na ukuta wenye jasho, na hapo bakteria wengine, hawa wapenda hewa, huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Ni asidi ile ile iliyo ndani ya betri ya gari. Zege jipya lina pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, ya 12 hadi 13. Uso wake ukishambuliwa namna hii, pH huweza kushuka hadi 2 au hata 1. Saruji hugeuka jasi, ikawa laini kiasi cha kukwanguliwa kwa kijiko, kisha nondo zikaachwa uchi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mkandarasi si unene wa ukuta. Muulize juu ya mstari wa tope ameweka nini.

Hapa ndipo huzuka hoja ya saruji inayohimili salfeti. Saruji hiyo ina kazi yake: hupambana na chumvi za salfeti zilizo kwenye udongo au maji. Mbele ya asidi huyeyuka kama nyingine. Nimelieleza hili mara nyingi mno, tena kwa watu waliosoma, na bado naletewa michoro iliyoandikwa jina la saruji hiyo kana kwamba ni hirizi. Mabati nayo hayafai, kwa kuwa zinki iliyoyafunika huisha haraka mahali penye asidi. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala, atakuchomelea tangi la chuma lisilovuja tone, ustadi wake hatuna shaka nao, lakini chuma kitupu ni chuma kitupu.

Zege linafaa sana kwa matangi makubwa, mradi livishwe nguo ndani. Nguo bora ni shuka za polietilini (aina ya plastiki) nzito zenye meno mgongoni: hupangwa ndani ya fomu, yaani mbao za kushikilia zege bichi, kabla ya kumwaga zege, na meno yakang'ang'ania humo. Epoksi, rangi ya resini inayoganda ikawa ngumu, pia inakubalika ikipakwa juu ya uso mkavu, uliosafishwa hadi zege zima lionekane. Ikipakwa juu ya zege lenye unyevu itabambuka, na mkandarasi atasema ni kosa la tope. Na paa pia livishwe! Tumeona matangi yaliyovishwa kuta nne kwa uangalifu, paa likaachwa wazi, nalo ndilo linalopokea gesi yote.

Bamba za chuma zilizopakwa kioo, yaani enameli iliyochomwa tanuruni kwa joto linalozidi nyuzi 800, hufungwa kwa boliti na huvumilia vizuri. Kiwango cha kutaja kwenye zabuni ni ISO 28765. Dai cheti cha jaribio la umeme la kila bamba, kwa sababu tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuanzisha kutu. Zikishafika, mtu asitoboe wala kuchomelea chochote juu yake, hata kishikizo cha ngazi.

Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu kwa urahisi, kina madaraja. Lile la 304 ndilo la masufuria. Daraja la 316 lina metali ya molibdeni asilimia 2 hadi 3 na hustahimili kloridi, yaani chumvi kama ile ya mezani, vizuri zaidi. Kama mtambo wako unatumia kloridi ya feri kugandisha uchafu, au unapokea maji ya kiwanda cha ngozi, usithubutu kuweka 304. Faibaglasi ni nzuri endapo tabaka la ndani ni la resini ya vinaili esta. Tangi la plastiki halijali asidi, ila likifukiwa kwenye ardhi yenye maji, na Kampala imezungukwa na vinamasi, litaelea. Tangi la mita za ujazo 10 likiwa tupu na limezama lote husukumwa juu kwa nguvu ya tani 10. Lifungwe kwenye msingi wa zege.

Ofisi yetu haipendekezi kampuni yoyote, wala kibali chetu si dhamana ya tangi.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo watu hukwama. Tangi ni sehemu ya mtambo, na mtambo huombewa idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 kabla ya kuchimba msingi. Kibali cha kumwaga majitaka huombwa kwenye Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, na hakichukui nafasi ya idhini ya NEMA. Vyote viwili vinahitajika. Ukibadilisha aina ya tangi baada ya michoro kupitishwa, andika barua kabla ya kubadilisha. Tope likivuja hadi kinamasi, unaweza kupewa amri ya kurejesha mazingira kwa gharama yako, na kulipia hakukuondolei mashtaka. Adhabu katika sheria zetu huandikwa kwa pointi za sarafu, na kila pointi ni shilingi 20,000. Mtu akisoma pointi 500 hucheka. Ni shilingi milioni 10.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 nayo inamgusa mwenye mtambo moja kwa moja. Wapo wanaotuambia wanaijua ile gesi ya yai viza, ambayo ni sumu, kwa harufu yake. Ikifika sehemu 100 kwa kila sehemu milioni za hewa, pua huacha kuisikia, na mtu hudhani imekwisha. Asiingie yeyote tangini bila kipimo cha gesi, kamba na mwenzake aliyesimama nje, hata kama ni kuokota ndoo.

Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya tope la kwanza. Jaza tangi maji safi hadi mstari wa juu, weka alama, subiri, kisha pima tena ukihesabu na maji yaliyokwenda na jua kama halina paa. Yakitolewa, mkaguzi aingie na taa atazame paa, maungio na kila boliti, huku mkandarasi akiwa bado hajalipwa malipo yake ya mwisho.