Kuvuta nyuma kwenye theluji: usiilaumu difu

Theluji ya kwanza ikianguka hapa Minneapolis, Marekani, simu ya gereji yangu hailali. Wengi wanaopiga ni watu wa magari ya kawaida wanaotaka kubadilishiwa matairi kabla ya Jumatatu, kana kwamba Novemba imewavamia usingizini. Wachache, na hao ndio ninaowasubiri, wana kigari cha milango miwili walichokinunua wakati wa joto, paa likiwa wazi, na sasa wameambiwa na kila mtu kwamba gari linalovuta nyuma, yaani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, halifai theluji. Lifunikwe turubai mpaka Aprili.

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa Brooklyn Park, wazazi wake ni watu wa Kisii. Alikuwa na Mazda MX-5 ya mwaka 1994, ile ambayo Wamarekani wanaiita Miata.

"Anko," akaniambia, "wiki hii nimekwama mara tatu. Jana nimezunguka kama pia pale kwenye kona ya kutokea barabara kuu, mpaka nikawa naangalia nilikotoka. Baba anasema niiuze ninunue ile inavuta magurudumu yote manne."

Kabla ya kumjibu nikainama. Matairi yalikuwa ya kiangazi, upana milimita 205, kashata (yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara) zimebaki kama milimita tatu. Nikamwambia, "Baba, umelivalisha gari ndara halafu unaliambia litembee kwenye barafu."

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Ikifika 15 chini ya sifuri, jambo la kawaida hapa Januari, ukiugonga kwa kucha unalia kama ndoo ya plastiki. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ubaki laini, na kashata zake zimechanjwa mikato myembamba kama ya wembe, ambayo hufunguka tairi linapokanyaga na kuuma barafu. Ile mifereji mikubwa nayo hujaa theluji, na ndivyo ilivyokusudiwa, maana theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Ukienda kununua, tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S, yaani matope na theluji, peke yake zinaeleza mchoro wa kashata tu. Ujerumani wamelimaliza kisheria: tangu Oktoba 2024, tairi lenye M+S bila ule mlima halihesabiki tena kuwa la baridi. Tairi za misumari, ambazo Wasweden na Wafini wanazitumia sana, mkazi wa kawaida wa jimbo letu la Minnesota haruhusiwi.

Nilimrudisha kijana kwenye saizi ambayo gari lilizaliwa nayo, 185/60 kwa rimu ya inchi 14. Alinuna kidogo, maana zile rimu pana zilikula akiba yake yote ya kiangazi. Lakini tairi jembamba huikata theluji mpaka likakanyaga kitu kigumu, na pana huelea juu yake. Na yawe manne. Wapo wanaokuja kutaka mawili tu ya nyuma kwa hoja kwamba ndiyo yanayovuta. Hao siwafungii. Nyuma ikishika na mbele ikawa inateleza, utazungusha usukani mpaka mwisho na gari litaendelea zake moja kwa moja hadi mtaroni.

Upepo pia unahitaji macho. Joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama PSI 1, kile kipimo cha upepo wa tairi. Ukijaza ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20 halafu gari likalala nje kwenye 15 chini ya sifuri, asubuhi PSI 6 hazipo.

Sasa turudi kwa baba wa kijana na magurudumu yake manne. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu gari husimama ndani ya mita 12 au 13 tangu breki ziume. Theluji iliyoshindiliwa, ambayo mshiko wake ni kama robo ya ule, inataka karibu mita 50. Barafu tupu inakaribia 100. Katika hesabu hiyo hakuna mahali panapouliza injini inasukuma magurudumu gani. Kuvuta kote kunakusaidia kuondoka, lakini kusimama ni kazi ya mpira na breki, na breki kila gari linazo nne. Wateja wangu waliotoka mitaroni wengi wana magari marefu ya kuvuta kote, matairi yao ya misimu yote, na hawakujua barabara inateleza mpaka walipohitaji kusimama. Kigari cha kuvuta nyuma hakikufichi. Ukiondoka kwenye taa mkia unatikisika kidogo, unajua leo ni leo.

Tahadhari moja ambayo watu huipata kinyume: siku ya nyuzi 1 chini ya sifuri ni mbaya kuliko siku ya 20 chini. Barafu iliyo karibu kuyeyuka ina utando wa maji juu yake, na ile ya baridi kali ni kavu, inashikika kidogo.

Ule mzunguko wa kijana nilimuuliza ulianzaje. Alikuwa anashuka kwenye ile kona, katikati yake akaingiwa na hofu, akaachia mafuta ghafla na kuingiza gia ya pili. Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi. Tairi lina fungu moja tu la mshiko, kama mshahara: ukilipa kodi ya nyumba kwa mshahara wote, sokoni huendi. Kusukuma gari, kulipunguza mwendo na kulizuia lisitoke pembeni, vyote vinachota kwenye fungu hilo hilo. Mshika mawili moja humponyoka, na tairi ni mshikaji kama mwingine yeyote. Kwenye gari hili injini ikizuia mwendo inayazuia magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo kuingiza gia ndogo katikati ya kona ya barafu ni sawa na kuvuta handibreki. Magari mapya yana kompyuta ya kulirudisha gari kwenye mwelekeo wake, na hapa Marekani imekuwa lazima tangu magari ya mwaka 2012. La 1994 halina, na la kijana halikuwa hata na ABS, ule mfumo unaozuia breki zisifunge magurudumu. Kompyuta ni mguu wake.

Kwa hiyo mwendo unapunguzwa gari likiwa limenyooka, kona haijaanza. Ndani ya kona mguu unatulia kwenye mafuta kidogo, gia ya juu, na klachi ikiachiwa iachiwe kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Mkia ukiondoka, kanyaga klachi ili magurudumu ya nyuma yazunguke huru, tazama unakotaka kwenda, peleka usukani huko. Watu wengi hilo wanaliweza. Wanaloshindwa ni kurudisha usukani mapema mkia unapoanza kurudi, na pigo la pili, la upande wa pili, huwa kali kuliko la kwanza. Hili halisomwi kwenye simu. Jumapili moja asubuhi nilimpeleka kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kwa ruhusa ya mwenyewe, usio na nguzo za taa katikati. Mwendo wa kilomita 25 kwa saa unatosha kabisa. Nusu saa ya kwanza alikuwa ameng'ang'ania usukani kama kamba ya kisima. Baadaye nikamsikia anacheka peke yake.

Mimi sikufundishwa na theluji. Baba yangu alikuwa na pikapu ya Peugeot 504, gari la kuvuta nyuma, na masika alikuwa anaipandisha Usambara kwenda Mtae kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama bamia. Aliondoka kwa gia ya pili kila mara, kwa sababu ya kwanza ina nguvu nyingi mno na tairi huchimba kaburi lake. Barafu aliijua ya kwenye glasi tu, na bado somo ni lile lile. Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari mwaka 1975. Kabla yake Datsun 240Z, gari la michezo hasa, la kuvuta nyuma, ilishinda 1971, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, kwenye matope ambayo leo watu wangeyaogopa na magari ya kuvuta kote. Upande wa theluji yenyewe, Porsche 911 ilichukua mbio za Monte Carlo mara tatu mfululizo, 1968 hadi 1970. Ile ina faida yake: injini imening'inizwa nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito unakaa palepale panaposukumwa.

Miata haina bahati hiyo, uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu. Ndiyo maana watu hupakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Kwa pikapu tupu naelewa. Kwa Miata, buti iko nyuma ya ekseli, na uzito uliowekwa huko huugeuza mkia kuwa kama bembea: ukianza kwenda ni mgumu kuuzuia. Mimi hubeba mfuko mmoja mdogo, umefungwa vizuri, na kazi yake hasa ni kumwagwa chini ya tairi. Tangi la mafuta lililojaa linasaidia vizuri zaidi kwa sababu liko nyuma tu ya viti.

Mara mbili kati ya zile tatu kijana alikwama nyumbani kwao, tairi moja la nyuma likiwa juu ya barafu na la pili kwenye saruji kavu. Difu, zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ikiwa ya kawaida hulipa tairi lenye kazi rahisi: la kwenye barafu linazunguka kama feni, la kwenye saruji halisogei hata kidogo. Vuta handibreki kidogo sana huku ukiachia klachi, lile linalozunguka litazuiwa na mwenzake atapata nguvu. Zipo difu zinazojizuia zenyewe, na kwa kuondoka ni nzuri sana, ila ukizidisha mafuta tairi zote mbili zitateleza pamoja na mkia utaondoka wote. Sikumfungia. Kwa matairi mapya hakuihitaji.

Mara ya tatu ndiyo niliyomwambia ukweli asioupenda. Gari la jiji la kusukuma theluji lilikuwa limepita alfajiri na kuacha tuta mbele ya lango lao, naye akalipanda. Tumbo la Miata halifiki shubiri moja kutoka ardhini. Gari likishakalia theluji kwa tumbo, magurudumu yananing'inia, na hapo hakuna tairi, difu wala dereva. Ni koleo tu. Na kabla ya kuchimba popote, safisha kwanza theluji kwenye mdomo wa bomba la moshi: ukikaa ndani injini ikiunguruma na bomba limezibwa, ile hewa ya sumu haina harufu.

Kitakachoiua Miata ya huku ni chumvi ya barabarani, theluji inasingiziwa. Matundu ya kutolea maji ya paa huziba kwa majani, maji yakajikusanya ndani ya vizingiti chini ya milango, chumvi ikala kutoka nje, na siku unaiweka kwenye jeki unasikia inakatika kama biskuti. Zibua matundu yale Oktoba. Osha chini ya gari kila joto likipanda juu ya sifuri. Dirisha la nyuma la plastiki usilikunje kwenye baridi, litapasuka.

Kijana hakuiuza. Yangu pia naiendesha msimu mzima, ila nina alama niliyoichora kwenye ukuta wa gereji, sentimita 10 kutoka sakafuni. Theluji ya usiku ikiifikia, funguo zinabaki msumarini na mimi napanda basi.