Msichana hakunyamaza kwa kupenda, sheria ndo ilimziba mdomo

Jamani nimechoka. Wiki hii nimefungua muswada mwingine, riwaya ya mapenzi na taharuki, Uskoti, miaka ya 1850, binti wa miaka ishirini na kitu anashukiwa kumuua mpenzi wake kwa sumu, na nikafika sura ya 31 nikakuta ile ile niliyokuwa naiogopa. Binti kasimama kizimbani, ukumbi kimya, anafuta machozi, anaanza kuhadithia kuanzia siku ya kwanza walipoonana, wakili wa serikali anambana na maswali, yeye anajibu moja baada ya jingine mpaka wazee wa baraza wanalia. Kurasa 14! Ni muswada wa nne mwaka huu wenye sura hiyo. Nikimrudishia mwandishi nikamwambia toa, ananiuliza swali ambalo wasomaji nao huniuliza kila tukigusa kesi za zamani: sasa kama hana hatia, mbona asijitetee?

Hakuruhusiwa. Mshtakiwa wa mauaji, Uskoti na Uingereza pia, hakuwa na ruhusa ya kula kiapo na kutoa ushahidi kwenye kesi yake mwenyewe mpaka ilipokuja sheria ya ushahidi wa jinai ya mwaka 1898. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mwenye maslahi kwenye kesi hawezi kuaminika, atasema lolote ajiokoe, kwa hiyo usimsikilize kabisa. Mwenye nyumba anasikilizwa, mfanyakazi wa ndani anasikilizwa, muuza dawa anasikilizwa, yule ambaye shingo yake ndo iko kwenye kamba anakaa kimya anawasikiliza wao. Kwa hiyo ukimsoma binti wa enzi hizo amekaa kimya kortini usiseme "anaficha kitu", na ukimwandika anaongea kurasa 14 umeandika kesi ya kwenye televisheni ukaivalisha gauni refu.

Wanaoandika aina hii nawaelekeza kila siku kwenye kesi ya Madeleine Smith wa Glasgow. Binti wa msanifu majengo mkubwa, familia ya hela, nyumba iko Blythswood Square. Mwaka 1855 akaanza mapenzi ya siri na Pierre Emile L'Angelier, karani kutoka kisiwa cha Jersey, mtu wa mshahara mdogo ambaye baba mtu asingemkubali hata kwa dawa. Wakaandikiana barua nyingi mno, yeye akijisaini kwa jina la utani "Mimi", nyingine akijiita mke wake kabisa. Januari 1857 akakubali kuolewa na William Minnoch, mfanyabiashara ambaye wazazi walimtaka. Akamwomba L'Angelier arudishe barua. Jamaa akakataa, akatishia kumwonyesha baba yake. Tarehe 23 Machi 1857 L'Angelier akafa kwenye chumba alichopanga, na tumboni mwake ikakutwa sumu ya aseniki zaidi ya gramu 5.

Kesi ilisikilizwa Edinburgh, kuanzia tarehe 30 Juni mpaka 9 Julai. Madeleine alikuwa na miaka 22. Sauti yake ilisikika alipokana mashtaka, basi, siku zote zilizobaki alikaa pale na glavu zake za urujuani na kichupa cha chumvi ya kunusa ambacho waandishi wa magazeti waliandika kwamba hakukigusa. Ebu fikiria hicho kichupa. Wanawake wa tabaka lake walibeba kile wasije wakazimia, na watu wamejazana kumwangalia atazimia saa ngapi, na hazimii. Wengine wakasema hana moyo, muuaji huyo. Wengine wakasema dhamiri safi. Kichupa kile kile! Ndo nawaambia waandishi, hapo una taharuki ya sura nzima na mhusika hajafungua mdomo.

Sasa hapa kuna kitu ambacho hata wanaojua hiyo sheria ya 1898 wanakikosea, na ndo kinachonikera zaidi. Wanasema haya, basi hakusema chochote, maelezo yake hatuyajui. Hapana. Uskoti mshtakiwa alipokamatwa alipelekwa mbele ya shirifu, yaani hakimu wa eneo, akahojiwa, maelezo yake yakaandikwa, na karatasi hiyo baadaye ikasomwa kortini. Madeleine alitoa maelezo siku aliyokamatwa, tarehe 31 Machi. Mle ndani alikiri alinunua aseniki, akasema alikuwa anaichanganya na maji anajipaka usoni, shingoni na mikononi kwa ajili ya urembo. Akakiri aliwahi kumpa L'Angelier kakao kupitia dirishani. Akasema hajamwona kama wiki tatu kabla ya kifo. Kwa hiyo aliongea, ila aliongea mara moja tu, kabla hajajua upande wa mashtaka umeshika nini mkononi, na akishamaliza hawezi kurekebisha hata neno. Dukani alikuwa amesema sumu ni ya panya. Kwa shirifu akasema ya urembo. Leo wakili angemsimamisha aeleze kwamba hakuna binti wa Blythswood Square atakayemwambia muuza dawa anajipaka sumu usoni, mtu yeyote angeona aibu, na pengine wazee wa baraza wangeelewa. Yeye alikaa akasikiliza kauli zake mbili zikigongana mbele ya watu, hana pa kuingilia.

Mwandishi akilielewa hili vizuri, riwaya nzima inabadilika, maana mdomo ukishafungwa vitu ndo vinaanza kuongea. Daftari la sumu kwa mfano. Sheria ya mwaka 1851 ilimtaka muuzaji wa aseniki aandike jina la mnunuzi na sababu, mnunuzi asaini, na sumu ichanganywe na masizi au nili ili mtu asiidhanie sukari au unga. Madeleine alisaini jina lake mwenyewe, wazi kabisa, tarehe 21 Februari, halafu mara mbili tena mwezi Machi. Muuaji gani anasaini? Au ndo ujanja wenyewe? Na ile rangi, mbona haikutajwa tumboni, wakili wake John Inglis akaikomalia hapo hapo.

Na bahasha. Hizi bahasha zinaninyima usingizi mpaka leo. Madeleine hakuwa na tabia ya kuandika tarehe, alikuwa anaandika siku tu, Jumatano, Ijumaa, basi. Kwa hiyo kujua barua ipi ya lini ilibidi watazame muhuri wa posta kwenye bahasha, mihuri mingine haisomeki, na wapelelezi walipochukua barua kwa marehemu hawakuwa waangalifu kuweka kila barua na bahasha yake. Unaona? Barua ya mapenzi, "njoo mpenzi wangu", ikiwa ni ya jana yake ni mtego wa kifo, ikiwa ni ya mwezi uliopita ni binti tu amemkumbuka mwanaume. Maneno hayajabadilika hata herufi, kilichobadilika ni muhuri. Waandishi wetu wanahangaika kutafuta shahidi wa ghafla sura ya mwisho, shahidi wa kweli yuko kwenye wino wa posta uliofifia.

Afu marehemu alikuwa na kijitabu anachoandika siku alizomwona Mimi na siku alizougua, na majaji wakakataa kisisomwe. Kwa hiyo aliyekufa kanyamazishwa na aliye hai kanyamazishwa, na usiku wenyewe wa tarehe 22 Machi hakuna shahidi hata mmoja aliyewaona pamoja.

Hukumu nitaipitia haraka maana hiyo wengi mnaijua. Uskoti kulikuwa na majibu matatu: ana hatia, hana hatia, na haijathibitishwa. Shtaka la kwanza, la kujaribu kumtilia sumu mnamo tarehe 19 au 20 Februari, wakasema hana hatia, kwa sababu hakuna aliyeonyesha kwamba alikuwa na aseniki kabla ya tarehe 21. La pili na lile la mauaji, haijathibitishwa. Akatoka huru. "Haijathibitishwa" haikuwa nusu kifungo wala msamaha, usiandike kwamba alibaki chini ya ulinzi, nimeshakutana nayo hiyo. Bunge la Uskoti limepitisha kuiondoa mwaka 2025. Madeleine alikwenda London, akaolewa mwaka 1861 na George Wardle, akazaa, akafa New York mwaka 1928 akiwa na miaka 93.

Niseme na la upande wangu ambalo darasani huwa silisemi kwa nguvu. Nimeandika hapa kama vile sheria ilimwonea, na kwa msingi nasimama hapo, kumziba mtu mdomo kwenye kesi ya roho yake ni ukatili. Ila nikisoma yale maelezo yake kwa shirifu, jinsi yalivyo mafupi na makavu, najiuliza angehimili saa tatu za maswali ya upande wa mashtaka. Huenda sheria ile ile iliyomnyima nafasi ndo ilimwokoa. Kuna siku naamini hakufanya, naishika saini ile ya dukani. Kuna siku nazisoma barua za Februari anazoomba, anambembeleza jamaa asimwonyeshe baba, halafu natazama tarehe za dukani, na naona giza. Miaka yote hii nafanya kazi ya kuhariri riwaya za namna hii na sijawahi kukaa upande mmoja zaidi ya mwezi. Ndo maana sipendi mwandishi anayenipa binti ambaye nimejua hana hatia tangu ukurasa wa 3.

Mwandishi wa sura ya 31 tumeongea kwa simu karibu saa nzima. Mwanzoni alikasirika, akasema nimemuua mhusika wake. Jana usiku kanitumia upya. Sasa karani wa korti ndo anasoma barua za binti mbele ya wanaume 15 wa baraza, zile za usiku, kwa sauti kavu kama anasoma bei za mahindi, anaruka mstari mmoja kwa aibu, jaji anamwamuru aurudie, na binti anahesabu vifungo vya glavu yake, vinne kulia, vitatu kushoto, kimoja kimekatika. Ameniuliza kama anaweza kumwachia hata sentensi moja. Nimemwambia moja ipo, asubuhi ya siku ya kwanza wanapomsomea mashtaka: "Sina hatia."