Unabii juu ya Tiro si laana ya utajiri

Benki kubwa ikifilisika, au barabara za Dubai zikifurika, hukosi mhubiri wa kusema, "Ndiyo Tiro hiyo, imeandikwa." Imeandikwa kweli, ila si hivyo.

Unabii juu ya Tiro ni Ezekieli sura ya 26 hadi 28 (Isaya 23 nayo inaugusa): hukumu na maombolezo juu ya mji wa Wafoinike uliokaa kisiwani, karibu na pwani ya Lebanoni ya leo, ukatajirika kwa biashara ya baharini. Maana ni hiyo tu.

Kinachorukwa ni shtaka lenyewe. Soma 26:2. Yerusalemu umeanguka, na Tiro unashangilia: lango la mataifa limevunjika, sasa faida yote ni yangu! Sura ya 28 inaongeza mtawala anayejiita mungu, na uchuruzi wa dhuluma. Lakini mali haitukanwi kwa kuwa ni mali. Sura ya 27 Ezekieli anauchora mji kama merikebu, tena kwa ustadi wa fundi: mbao za misunobari ya Seniri, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri. Kisha anataja nani alileta fedha na bati, nani farasi, nani pembe za ndovu. Katikati ya orodha hiyo, bila kupaza sauti, anataja wanadamu, wanauzwa pamoja na vyombo vya shaba. Ndipo upepo wa mashariki unaivunja merikebu. Na haya yote ni maombolezo, si vigelegele. Wahubiri wetu wengi huyasoma wakichekelea.

Wengine husema Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alitimiza kila neno la unabii huo. Ezekieli mwenyewe, 29:18, anakiri kwamba jeshi la mfalme huyo lilitaabika mno na halikupata ujira kutoka Tiro. Aliyekivunja kisiwa ni Aleksanda Mkuu, mwaka 332 KK, baada ya kukizingira miezi saba. Alichukua kifusi cha sehemu ya Tiro iliyokuwa bara, akakimwaga baharini mpaka akapata njia ya kuvukia.

Na anayedai kwamba hapo hapakukaliwa tena asome Matendo 21. Paulo alishuka Tiro, akakaa na wanafunzi siku saba. Merikebu yake ilikuwa imetia nanga kushusha shehena.