Mikono ya kipa: kabla ya kulalamikia sekunde 8, mjue Leigh Roose

Tangu Julai 2025, kipa akishikilia mpira kwa zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Malalamiko yanayotufikia sisi wakufunzi wa waamuzi ni mengi, na karibu yote yana dai moja: eti zamani kipa alikuwa huru. Hakuwa huru. Alikuwa na mipaka mingine, na aliyeitumia mpaka ukingoni ni Leigh Richmond Roose wa Wales.

Alizaliwa Holt, karibu na Wrexham, mwaka 1877, mtoto wa mchungaji. Akiwa Aberystwyth alikosoma, aliidakia timu ya mji ikatwaa Kombe la Wales mwaka 1900, na mwaka huohuo akaanza kuchezea taifa. Baadaye alidaka Stoke, Everton, Stoke tena, kisha Sunderland. Alikuwa langoni ilipoichapa Newcastle 9-1 ugenini, Desemba 1908. Mpaka anafika Woolwich Arsenal alibaki mchezaji wa ridhaa, yaani alirudishiwa gharama tu, hakulipwa mshahara. Aliichezea Wales mara 24, ukiwemo mwaka 1907 ilipotwaa ubingwa wa mataifa ya Uingereza.

Sasa tuje kwenye sheria. Enzi zake kipa aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja, ila asiubebe zaidi ya hatua mbili. Roose alikuwa akidaka, anaudunda chini, anaupokea, anaudunda tena huku anakimbia, mpaka karibu na mstari wa kati. Hapo ndipo anaurusha au kuupiga mbele. Makipa wenzake waliijua sheria hiyohiyo, lakini wachache walithubutu. Nyuma yako lango liko wazi, na mbele yako mshambuliaji ana ruhusa ya kukupiga bega ukiwa na mpira. Roose alikuwa na mwili wa kuhimili hayo, na moyo pia.

Kwa hiyo tafadhali, tuache kusema alikuwa mvunja sheria. Hakuivunja. Aliifuata vizuri kiasi kwamba Juni 1912 ilibadilishwa, na tangu hapo mikono ya kipa inaishia ndani ya eneo la penalti.

Utaratibu wa leo uko hivi. Mwamuzi anaanza kuhesabu pale kipa anapoumiliki mpira, si anapougusa tu. Zikibaki sekunde 5, anainua mkono na kuzihesabu waziwazi kwa vidole, ili kipa na uwanja mzima waone. Zikipita, ni kona, na inapigwa upande ulio karibu na alipokuwa kipa. Kosa hilo peke yake halina kadi. Kadi ya njano inakuja akirudiarudia. Mpinzani akimzuia kipa kuuachia mpira, kosa ni la mpinzani, na kipa anapewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja.

Na lile dai kwamba kipa akidaka nje ya boksi lazima apewe kadi nyekundu, ambalo tumelieleza mara nyingi mno: kipa akiushika mpira nje ya boksi anahukumiwa kama mchezaji mwingine yeyote. Ni mpira wa adhabu wa moja kwa moja. Nyekundu inatoka ikiwa amezuia goli au nafasi ya wazi ya goli. Akiwa amekatisha shambulizi la matumaini tu, ni njano. Kumzomea mwamuzi kwa sababu hakutoa nyekundu ni kumwonea.

Wapo wanaouliza kama Roose aliadhibiwa kwa sheria ya 1912. Hapana. Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa 1911, na ilipotoka sheria hiyo siku zake katika ligi ya juu zilikuwa zimekwisha. Vita vilipozuka alijiunga na jeshi, akatunukiwa Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa, akauawa Somme, Ufaransa, Oktoba 1916. Jeshini waliandika jina lake Rouse, kwa herufi moja iliyokosewa, kwa hiyo anayemtafuta katika kumbukumbu za vita atazame na tahajia hiyo.